Pima Maji Kwanza, Dawa Baadaye: Mwongozo wa Kudhibiti Vimelea vya Samaki

Samaki wakianza kujisugua kwenye kingo za bwawa, kutweta juu ya maji alfajiri, au kukataa chakula walichokigombania juzi, wafugaji wengi hukimbilia duka la pembejeo kutafuta dawa. Swali linalopaswa kutangulia huulizwa na wachache: maji yakoje?

Karibu kila samaki wa ziwani, awe sato, kambale, sangara au dagaa, ana vimelea vichache mwilini na huishi navyo bila taabu. Vichache hivyo hugeuka maelfu pale maji yanapobadilika: oksijeni ikishuka, amonia ikipanda, mbolea ya mashambani ikimiminika ziwani na konokono wakaongezeka. Ukitibu samaki ukayaacha maji yalivyo, umenunua wiki chache tu za nafuu. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuyasoma maji yako, namna ya kujua ni kimelea kipi kinanufaika na hali hiyo, na namna ya kuchagua tiba isiyoua samaki unaotaka kuwaokoa.

Vimelea vya makundi mawili

Kabla ya kupima chochote, fahamu kwamba vimelea vya samaki huambukiza kwa njia mbili, na kila njia ina mahali pake pa kukatiwa.

Kundi la kwanza huhama kutoka samaki hadi samaki moja kwa moja. Humo yumo Trichodina, kiumbe mdogo wa mviringo anayezunguka juu ya ngozi na matamvua. Ichthyophthirius, anayeleta madoa meupe kama chembe za chumvi. Minyoo bapa wa matamvua kama Cichlidogyrus na Dactylogyrus. Gyrodactylus wa ngozini. Na chawa wa samaki, Argulus. Hawa hushamiri samaki wanapobanana na maji yanapochafuka.

Kundi la pili huhitaji viumbe wengine ili kukamilisha maisha yao. Clinostomum, ile minyoo ya manjano unayoikuta nyamani au karibu na matamvua, huanzia kwa konokono, huingia kwa samaki, kisha hukomaa kooni mwa korongo na ndege wengine wanaokula samaki. Diplostomum hupita njia hiyo hiyo na kuvamia macho ya samaki mpaka yakaingia ukungu. Ligula, mnyoo mweupe mpana anayejaza tumbo la dagaa wa Ziwa Victoria, hupitia kwa vijidudu vidogo vinavyoelea majini, kisha dagaa, kisha ndege. Kwa kundi hili, kumtibu samaki hakusaidii sana, kwa sababu chanzo cha maambukizi kiko kwa konokono au vijidudu hivyo, majani ya maji na rutuba inayowalisha.

Vipimo saba vya kuvizoea

Huhitaji maabara. Kipimajoto, seti ya matone au vijikaratasi vya kupimia pH, amonia, ualkali na ugumu, pamoja na kifaa cha oksijeni mnachoweza kununua kwa pamoja kama kikundi, vinatosha kuanzia.

*1. Joto.* Joto si kemia, lakini ndilo linaloongoza kasi ya kila kitu kingine. Katika maji ya nyuzi 25 hivi, Ichthyophthirius humaliza mzunguko wake kwa takriban wiki moja au pungufu. Maji yakipoa, mzunguko huo hurefuka, na yakizidi nyuzi 30 kimelea hiki hudhoofika. Ndiyo maana mabwawa ya nyanda za juu huona madoa meupe zaidi miezi ya baridi, wakati kinga ya sato nayo imeshuka kwa sababu sato ni samaki wa maji ya joto.

*2. Oksijeni.* Pima mara mbili: saa 12 asubuhi kabla jua halijapanda, na saa 9 alasiri. Kipimo cha alasiri peke yake kitakudanganya, kwa kuwa mwani hutoa oksijeni mchana na kuitumia usiku. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, samaki wamo taabuni. Hapo hupumua kwa kasi, na kama matamvua yao tayari yamekaliwa na minyoo bapa na kufunikwa na ute, hewa kidogo iliyopo haipiti. Minyoo ambayo samaki angeivumilia kwenye maji yenye miligramu 6 inaweza kumuua kwenye maji yenye miligramu 2.

*3. pH.* Sato hustawi kwenye pH ya kati ya 6.5 na 9. Hapa pia pima alfajiri na alasiri. Mwani huvuta kaboni dayoksaidi mchana na kuipandisha pH. Bwawa la kijani kibichi linaweza kuwa na 7 asubuhi na kupita 9 alasiri. Panda-shuka hiyo ya kila siku humchosha samaki na kuuharibu ute wa ngozi, ambao ndio ngao yake ya kwanza dhidi ya vimelea.

*4. Ualkali.* Huu ni uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe. Maji yenye ualkali chini ya miligramu 20 kwa lita hayana kinga hiyo, nayo yanahitaji chokaa ya kilimo. Kipimo hiki ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote, ilhali ndicho kitakachoamua kama dawa fulani itaponya au itaua. Tutakirudia kwenye sehemu ya tiba.

*5. Amonia.* Amonia hutolewa na samaki wenyewe, hasa kupitia matamvua, na hutoka pia kwenye kinyesi na chakula kilichobaki. Ina sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine yenye madhara madogo, na pH ndiyo inayoamua uwiano wake. Chukua maji ya nyuzi 25 yenye jumla ya miligramu 1 ya amonia kwa lita. Kwenye pH 7, sehemu yenye sumu ni karibu miligramu 0.006. Kwenye pH 8 inafika takriban 0.05, kiwango ambacho matamvua huanza kudhurika. Kwenye pH 9 inapanda hadi 0.36. Amonia ni ile ile na samaki ni wale wale; kilichobadilika ni saa ya siku. Matamvua yaliyoungua kwa amonia hutoa ute mwingi, na humo Trichodina na minyoo bapa hupata makao mazuri.

Perege wa Ziwa Magadi huishi kwenye maji yenye pH ya karibu 10 kwa sababu mwili wake hutoa urea badala ya amonia. Sato wako hana uwezo huo, kwa hiyo usimtarajie azoee.

*6. Ugumu wa maji.* Ugumu hutokana hasa na kalsiamu na magnesiamu. Samaki huihitaji kalsiamu, na konokono huihitaji zaidi, kwa kuwa ndiyo anayojengea gamba. Maji laini sana huwa na konokono wachache na hivyo minyoo michache ya kundi la pili. Maji magumu huwafaa samaki na konokono pia. Usijaribu kuyalainisha maji ili kuwaondoa konokono, maana utawadhuru samaki kwanza. Ukijua maji yako ni magumu, jua pia kwamba kufyeka majani na kuokota konokono ni kazi yako ya kudumu.

*7. Rutuba.* Nitrojeni na fosforasi huletwa na mbolea, samadi, maji machafu ya mijini na chakula cha samaki kilichozidi. Kwa bwawa, kipimo rahisi ni mkono wako: uzamishe wima taratibu ukiutazama. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mwani umezidi. Sitisha mbolea na upunguze chakula.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Pieter Johnson walichapisha jaribio lililoonyesha mnyororo huu hatua kwa hatua. Walitia rutuba kwenye matangi, mwani ukaongezeka, konokono wakaongezeka, kila konokono aliyeambukizwa akatoa viluwiluwi vingi zaidi vya minyoo, na vyura waliomo wakapata maambukizi makubwa zaidi. Jaribio lilihusu vyura, lakini Clinostomum na Diplostomum hupita kwa konokono vivyo hivyo.

Maji yasiyo na minyoo si lazima yawe mazima

Ukipasua samaki kumi usione mnyoo hata mmoja, usifurahi haraka. Huko Nova Scotia, Kanada, ambako mvua yenye asidi ilishusha pH ya mito, watafiti waliwachunguza mikunga na kukuta kwamba katika mito yenye asidi kali minyoo inayopitia kwa konokono ilikuwa haba au haipo kabisa. Mikunga hawakuwa wamepona. Maji yalikuwa yamewaua au kuwafukuza konokono, na mnyororo mzima wa uhai ulikuwa umekatika.

Kwa hiyo soma aina ya vimelea pamoja na idadi yake. Trichodina wengi na minyoo michache ya konokono huashiria maji yenye uchafu mwingi unaooza, kwani Trichodina hula bakteria. Minyoo ya manjano mingi huashiria konokono, majani na ndege. Madoa meupe yaliyozuka ghafla huashiria samaki wapya walioingizwa bila karantini, au baridi ya ghafla.

Mchunguze samaki kwa karibu

Chagua samaki watano, wakiwemo wanaoogelea kivivu pembeni. Usimchunguze aliyekufa zamani, kwa sababu vimelea vya nje humhama au hufa naye.

Lowesha mikono, mshike samaki, na kwa ukingo wa kisu butu kwangua ute taratibu kutoka kichwani kuelekea mkiani, nyuma ya pezi la kifuani. Weka ute huo juu ya kioo cha hadubini pamoja na tone la maji ya bwawa hilo hilo, maana maji ya bomba yenye klorini huua vimelea kabla hujaviona. Funika na utazame. Trichodina utamtambua mara moja: duara lililo wazi, lenye pete ya meno ndani, likizunguka kwa kasi na kuteleza huku na huku. Ichthyophthirius ni mkubwa zaidi, hujiviringisha polepole, na ndani yake kuna kiini chenye umbo la kiatu cha farasi.

Kisha inua kifuniko cha matamvua. Matamvua mazima yana rangi nyekundu ya damu, na nyuzi zake zimeachana vizuri. Yaliyopauka, yenye ute mzito na ncha zilizovimba, yameshambuliwa au yameungua kwa amonia, na mara nyingi yote mawili. Kama huna hadubini, peleka samaki hai kwenye mfuko wenye maji na hewa kwa afisa uvuvi au kituo cha utafiti kilicho karibu: TAFIRI kwa Tanzania, KMFRI kwa Kenya, NaFIRRI kwa Uganda.

Tiba: kemia ya maji yako ndiyo inayotoa kibali

Kemia inaweza kumuua mnyoo na kumwacha samaki. Norwei ilishambuliwa na Gyrodactylus salaris, mnyoo aliyeteketeza samoni katika mito mingi. Katika mto Lærdal walitumia alumini kwenye maji yaliyotiwa asidi kidogo, kwa kiwango ambacho mnyoo hakukihimili lakini samoni walikihimili. Kazi hiyo ilifanywa na wataalamu wenye mitambo ya kupima mfululizo, kwa hiyo usiiige bwawani. Funzo lake kwa mfugaji ni kwamba kati ya kiwango kinachoponya na kinachoua pana nafasi nyembamba, na ukubwa wa nafasi hiyo unategemea maji.

*Chumvi.* Kwa vimelea vya nje hii ndiyo tiba ya kwanza: ni rahisi, ni salama kwako, na haibaki nyamani. Tumia chumvi ya kawaida isiyochanganywa na madini ya mifugo. Gramu 10 kwa kila lita, kwa dakika 30, huondoa Trichodina na vimelea vingine vingi vya nje. Kwa pipa la lita 200 hiyo ni kilo 2. Iyeyushe kabisa kwanza, tia hewa, jaribu kwa samaki wachache, na usiondoke hapo: wakianza kulalia ubavu, watoe mara moja. Kambale hastahimili chumvi kama sato; anza na nusu ya kiwango.

Kwa madoa meupe, dozi moja haitoshi. Kimelea kilicho chini ya ngozi hakifikiwi na chumvi wala dawa. Kinachokufa ni kile kichanga kinachoogelea kutafuta samaki. Kwa vifaranga walio kwenye tangi, weka gramu 4 hadi 5 kwa lita kwa siku 7 hadi 10, ili kila kizazi kinachotoka kikutane na chumvi.

*Chokaa.* Bwawa likishavunwa na kukaushwa, nyunyiza chokaa ya kuchoma kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100, hasa kwenye madimbwi yaliyobaki. pH ya tope hupanda hadi kupita 10, na mayai, vimelea na konokono hufa. Vaa glavu, miwani na viatu vya mpira, kwani chokaa hiyo huunguza ngozi na macho. Jaza maji na usubiri pH ishuke chini ya 9 ndipo uweke samaki. Usiitie kamwe bwawani samaki wakiwamo, wala usiichanganye na mbolea yenye amonia, maana huiachia amonia ile yenye sumu.

*Mrututu.* Hapa ndipo ualkali unapoamua uhai wa samaki. Kanuni inayotumika ni kugawa ualkali kwa 100 ili kupata miligramu za mrututu kwa lita. Chini ya ualkali wa 50 usiuguse kabisa, kwa sababu shaba iliyomo kwenye mrututu huwa sumu kwa samaki wenyewe. Juu ya 250 shaba huganda na kuzama kabla haijafanya kazi. Sasa linganisha maziwa yetu mawili. Maji ya Ziwa Victoria yana ualkali wa karibu miligramu 50 kwa lita, ukingoni kabisa mwa hatari. Maji ya Ziwa Tanganyika, yenye pH inayokaribia 9, yana zaidi ya 300. Dozi iliyomfaa jirani mwenye maji magumu ya kisima inaweza kumaliza samaki wako wa Mwanza au Kisumu, na huko Kigoma isimuue hata mnyoo mmoja. Ndiyo sababu usikubali dozi ya kuambiwa mdomoni kabla hujapima.

*Pamanganeti ya potasiamu.* Kwenye maji yenye uchafu mwingi humalizwa na uchafu kabla haijafika kwa vimelea. Kwenye pH ya juu huacha masalia ya manganizi juu ya matamvua. Itumie kwa ushauri wa mtaalamu pekee.

*Fomalini.* Huila oksijeni ya maji na ni hatari kwa mapafu na macho ya anayeishika. Mfugaji mdogo aiache.

Ukifuga kwenye vizimba

Huwezi kulitibu ziwa, na huna haki ya kumwaga dawa ndani yake. Kinga yako ni kuchagua mahali na kusimamia vizuri.

Weka vizimba penye mkondo, mbali na mdomo wa mto na mbali na gugu maji. Magugu hayo ni makazi ya konokono, wakiwemo wale wanaoeneza kichocho kwa binadamu, na chini yake oksijeni huwa kidogo. Acha nafasi ya kutosha kati ya sakafu ya kizimba na tope la ziwa, ili taka zisirundikane chini ya samaki. Tumia chakula kinachoelea, na uache kulisha pale samaki wanapopunguza kasi ya kula. Safisha nyavu mara kwa mara, kwani mwani ulioganda huzuia maji kupita, na mayai ya minyoo bapa ya matamvua hunasa kwenye nyuzi.

Tazama majira. Kati ya Juni na Agosti pepo za kusini hulivuruga Ziwa Victoria, na maji ya chini yaliyokosa oksijeni yanaweza kupanda juu. Masika nayo huleta tope na mbolea kutoka mashambani. Katika vipindi hivyo punguza msongamano, usihamishe samaki wala kuwapima uzito bila sababu, na upime oksijeni kila alfajiri. Samaki watakaohitaji tiba watoe kizimbani, watibu ndani ya pipa au turubai, na maji yaliyotumika yamwage nchi kavu mbali na ziwa.

Ratiba ya kufuata

- Kila siku: joto, oksijeni alfajiri, na namna samaki wanavyokula.
- Kila wiki: pH ya alfajiri na ya alasiri, amonia, na kipimo cha mkono.
- Kila mwezi: ualkali, ugumu, uchunguzi wa samaki watano, kufyeka majani na kuokota konokono.
- Kabla ya kuingiza vifaranga: karantini ya wiki 2 hadi 3 kwenye tangi la pembeni, ukianza na kuwaogesha kwenye maji ya chumvi.

Andika yote kwenye daftari moja, tarehe kwa tarehe. Baada ya msimu mmoja utaanza kuona kwamba vimelea havizuki ovyo: hufuata mvua fulani, shehena fulani ya vifaranga, au wiki ulizozidisha chakula.

Samaki wa kula

Minyoo ya manjano huchukiza mlaji na kushusha bei, lakini samaki aliyepikwa mpaka nyama ikaiva kabisa hana hatari yake. Clinostomum na mnyoo mwingine wa samaki, Contracaecum, wanaweza kumpata mtu anayekula samaki mbichi au aliyeiva nusu. Toa matumbo mapema, usiwatupe samaki wenye minyoo kando ya maji ambako ndege watawaokota, na usiwalishe mbwa au paka matumbo mabichi. Ukizika taka hizo mbali na maji, unakata mzunguko kwa gharama ya jembe tu.

Ndugu mfugaji, seti ya kupimia maji ni bei ndogo ukiilinganisha na bwawa zima la samaki waliokufa. Inunue kabla ya kuagiza vifaranga wengine, peke yako au na kikundi chako. Anza na vipimo viwili, pH na oksijeni, kesho alfajiri na kesho alasiri. Na siku utakapomwendea afisa uvuvi au muuza dawa, nenda na namba zako mkononi, kisha umwulize dozi hiyo imepigiwa hesabu kwa maji yenye ualkali gani. Asiyeweza kukujibu, usinunue kwake.